Somo la Kompyuta Shuleni au Kozi ya Mtaani? Ulinganisho kwa Wazazi na Wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Mtihani wa kidato cha nne ukiisha mwezi Novemba, nyumba nyingi za Mtwara na Lindi huingia kwenye mjadala uleule. Matokeo hayatoki mpaka Januari, kidato cha tano hakianzi mpaka Julai, kijana yuko nyumbani, na kwa kuwa ni msimu wa korosho kuna fedha kidogo mkononi. Mjomba anashauri apelekwe kozi ya kompyuta mjini. Kijana mwenyewe anasema kompyuta alishasoma shuleni, alipe tena ya nini? Nyumba ya jirani mambo ni kinyume: shule ya kata haikuwa na somo hilo, na binti anaogopa kwamba wenzake wamemwacha mbali. Wakati huohuo wadogo zao wa kidato cha kwanza wanaulizwa na mwalimu wa taaluma kama wanachukua Sayansi ya Kompyuta au wanaiacha.

Nafundisha somo hili, na wazazi wengi ninaokutana nao wanaamini kwamba somo la shuleni na kozi ya mtaani ni kitu kimoja, kimoja cha bure na kingine cha kulipia. Ni vitu viwili. Kozi inamfundisha mtu kutumia programu ambazo wengine wameshazitengeneza. Somo linamfundisha namna programu zinavyotengenezwa, na namna ya kulivunja tatizo vipande mpaka mashine iweze kulifanyia kazi. Vyote viwili vina faida, lakini havishiki nafasi ya mwenzake, na anayechagua bila kulijua hilo hupoteza fedha au hupoteza miaka.

Kinachofundishwa kila upande

Kozi ya mtaani ni ile inayotolewa kwenye vituo vya mafunzo na kwenye steshenari kubwa za Mtwara mjini, Lindi mjini, Masasi na miji mingine ya wilaya. Kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Inaanza na kuwasha na kuzima mashine, kushika mausi, na kupanga mafaili kwenye folda. Baada ya hapo huja Word ya kuandikia barua na taarifa, Excel ya mahesabu, PowerPoint, Publisher ya kadi na vipeperushi, kisha intaneti na barua pepe. Kituo kinachojua kazi yake kinamfundisha mwanafunzi kuchapa kwa vidole vyote kumi bila kuangalia kibodi. Mwisho kuna cheti.

Shuleni njia ni ndefu zaidi. Kwa miaka mingi somo la kidato cha kwanza hadi cha nne lilijulikana kwa wanafunzi kama ICS (Information and Computer Studies), na nusu yake ilikuwa hizohizo Word na Excel. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta Sayansi ya Kompyuta kama somo la kuchagua, na uzito umehamia kwenye kutatua matatizo na kuandika programu. Mwanafunzi anakutana na sehemu za kompyuta na kazi ya kila moja, namna taarifa zinavyohifadhiwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, hatua za kutatua tatizo, lugha za programu, hifadhidata, mitandao, usalama wa taarifa na sheria zake. Word na Excel zimo, ila kama vyombo vya kazi tu.

Mabadiliko ya namna hiyo hayajafanyika kwetu peke yetu. Uingereza, kwenye shule za England, somo la kutumia kompyuta liliondolewa kwenye mtaala wa taifa Septemba 2014, na nafasi yake ikachukuliwa na somo linaloanza kuandika programu tangu darasa la kwanza. Malalamiko yaliyolisukuma badiliko hilo mwalimu yeyote wa Mtwara angeyaelewa: watoto walimaliza shule wakijua kupamba jedwali na kuandaa slaidi, bila kujua mashine inafanya nini ndani.

Kazi moja, watu wawili

Tofauti hii ikielezwa kwa maneno matupu haikai kichwani, kwa hiyo tuchukue kazi ambayo kila mtu hapa anaijua. Msimu umefunguliwa Oktoba, wakulima wanaleta korosho kwenye ghala la AMCOS, chama chao cha msingi cha ushirika. Karani anaandika jina la mkulima, daraja la korosho na kilo. Jioni katibu anataka mambo mawili: jumla ya kilo za daraja la kwanza, na jumla ya daraja la pili.

Kijana aliyetoka kozini anafungua Excel. Safu ya A anaweka majina, B daraja, C kilo. Wakulima ni 40, kwa hiyo taarifa zinaanzia mstari wa 2 na kuishia wa 41. Chini anaandika =SUM(C2:C41) akapata jumla kuu. Kama mwalimu wake alikuwa makini, anajua pia =SUMIF(B2:B41,1,C2:C41), yaani pita safu ya B, kila unapokuta 1 chukua kilo zilizo mkabala wake safu ya C, uzijumlishe. Anakoleza vichwa vya habari, anaprinti, katibu anagonga muhuri. Robo saa imetosha. Hiyo ni kazi halali na chama kinaihitaji.

Mwanafunzi wa Sayansi ya Kompyuta akipewa kazi hiyohiyo hagusi mashine kwanza. Anaandika hatua kwenye daftari:

1. Weka jumla ya daraja la kwanza iwe 0, na ya daraja la pili iwe 0.
2. Soma jina, daraja na kilo za mkulima anayefuata.
3. Kama kilo ni 0 au pungufu, kataa, omba ziandikwe upya.
4. Kama daraja ni 1, ongeza kilo kwenye jumla ya kwanza. Kama ni 2, ongeza kwenye jumla ya pili. Kama si 1 wala 2, kataa.
5. Kama bado kuna mkulima, rudi hatua ya 2.
6. Onyesha jumla zote mbili.

Humo ndani kuna sehemu kubwa ya msingi wa somo. Kuna thamani inayobadilika kila mzigo unapoingia. Kuna sharti: kama hivi, fanya vile. Kuna mzunguko, maana hatua ya 2 hadi ya 5 zinarudiwa hata wakulima wawe 40 au 4,000. Na kuna ukaguzi wa taarifa kabla hazijapokelewa. Hatua ya 3 darasani ndiyo inayozua mjadala. Mwanafunzi mmoja atauliza: je, karani akikosea akaandika 850 badala ya 85? Hatua ya 3 haitamshika, kwa kuwa 850 si sifuri. Mwingine atasema tuweke kikomo cha juu, maana gunia moja haliwezi kuwa na kilo 850. Wa tatu atauliza mkulima akileta magunia kumi kwa mpigo itakuwaje. Hapo darasa linagundua kwamba mashine lazima iulize idadi ya magunia pia, la sivyo haiwezi kupima kama kilo zinaingia akilini. Dakika hizo za mabishano ndizo hasa zinazofundisha. Mwanafunzi anajifunza kuliona kosa kabla halijatokea, na mkulima ambaye fedha zake zinategemea tarakimu hiyo analindwa na mtu ambaye hatamjua kamwe.

Sasa ongeza maswali. Umeme ukikatika katikati ya kupokea mizigo, taarifa za asubuhi ziko wapi? Jibu liko kwenye mada ya kumbukumbu za kompyuta: kilichokuwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, kimeondoka na umeme, kilichohifadhiwa kwenye diski kipo. Kijiji kikiwa na akina Saidi Hamisi watatu, mzigo ni wa nani? Hiyo ni mada ya hifadhidata: jina halitoshi kumtambulisha mtu, kila mwanachama anahitaji namba yake ambayo haijirudii, na kila mzigo uandikwe kwa namba hiyo. Kwetu huku, ambako majina ya babu yanarudiwa kila ukoo, wanafunzi huielewa mada hii haraka kuliko vitabu vinavyotarajia.

Na daftari la wanachama likifika majina 1,000? Ukitafuta jina moja kwa kuanzia juu, siku mbaya utaangalia yote 1,000. Lakini kama majina yamepangwa kwa alfabeti, fungua katikati. Jina unalotafuta liko juu au chini? Tupa nusu isiyohusika, fungua tena katikati ya nusu iliyobaki. Kwa njia hiyo hutaangalia zaidi ya mara 10. Majina yakiwa milioni moja, mara 20 zinatosha. Somo hili halihitaji kompyuta hata moja, linahitaji daftari lililopangwa na mwalimu mwenye moyo. Shule ya Nanyumbu au Liwale isiyo na maabara inaweza kulifundisha kesho asubuhi.

Faida ya kuyajua haya inaonekana kazi inapobadilika. Vyama vya ushirika sasa vinatumia MUVU, mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika, na mizani ya kidijitali imeanza kuingia kwenye maghala. Minada ya korosho nayo imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Aliyekariri vitufe vya Excel ya toleo fulani hulazimika kuanza upya kila mfumo unapobadilika. Aliyeelewa kwamba nyuma ya kila fomu kuna jedwali, namba ya utambulisho na masharti ya ukaguzi anaukaribia mfumo mpya bila woga, na baada ya siku chache yeye ndiye anayeulizwa na wenzake.

Mada nyingine zinazopatikana shuleni tu

Mfumo wa 0 na 1 huwachosha wengine mwanzoni, lakini ukieleweka unafungua mengi. Namba 13 huandikwa 1101, yaani 8 na 4 na 1 zipo, 2 haipo. Herufi kubwa A huhifadhiwa kama 65, ambayo ni 1000001. Nafasi nane za 0 na 1 zinatoa michanganyiko 256. Mwanafunzi akishajua hivyo, ukubwa wa faili, ukubwa wa picha na matumizi ya bando vinakuwa hesabu anazoweza kuzipiga mwenyewe.

Mada ya mitandao imekuwa na mfano wa karibu tangu Mei 12, 2024, siku intaneti ilipodorora Tanzania nzima na nchi nyingine za ukanda huu. Simu zilikuwa na mnara, kupiga ilikuwa inawezekana, ila kurasa na programu nyingi hazikufunguka. Nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika. Mwanafunzi aliyesoma mitandao anajua kwa nini mnara kuwa hai pale Shangani hakutoshi: mnara unakufikisha kwenye mtandao wa ndani tu, na kutoka hapo data inahitaji njia ya kwenda kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi. Anajua pia kwa nini nchi inahitaji njia zaidi ya moja.

Usalama nao hufundishwa kwa undani usiofikiwa na kozi ya mwezi mmoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zinamhusu mtoto mwenye simu janja kama zinavyomhusu mtu mzima. Kumrushia mtu picha chafu ni kosa. Kuchukua orodha ya namba za simu za wateja wa steshenari na kumpa mtu mwingine kunaweza kukupeleka mahakamani. Na ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" darasani unachambuliwa kama kitu cha kitaalamu: unategemea nini kwa anayeupokea, na kwa nini namba ya siri haisaidii chochote mwenyewe akishaitaja kwa hiari yake.

Somo la shuleni linapopungukiwa

Kuna shule ambako somo linaitwa kompyuta lakini wanafunzi wananakili maelezo ubaoni miaka yote, wanachora kibodi kwenye daftari, na wanaigusa mashine wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo. Mwanafunzi wa hivyo anaweza kutaja vizazi vitano vya kompyuta na asiweze kuhifadhi faili kwenye flashi. Hapo kozi ya mtaani inamshinda kwa mbali, kwa sababu kule atashika mashine kila siku.

Jambo la pili ni lugha. Somo linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na lugha za programu zenyewe zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili hukutana na vikwazo viwili kwa pamoja: wazo geni kwa lugha geni. Ninachowashauri ni kuandika hatua kwa Kiswahili kwanza, kama zile sita za korosho, mpaka wazo likae. Kuzihamishia kwenye lugha ya programu kama Python baada ya hapo ni kazi ndogo. Anayeanza na Kiingereza moja kwa moja mara nyingi hukariri mfano wa kitabuni, na swali likibadilika kidogo anakwama.

Jambo la tatu ni kasi ya mkono. Hata shule nzuri hazitengi muda wa kutosha wa kuchapa. Nimeona wanafunzi wenye alama A wakitafuta herufi kwa kidole kimoja. Ofisini hilo linaonekana siku ya kwanza.

Cheti kipi kinafungua mlango gani

Mzazi anayetaka mtoto apate kazi ya mezani mapema asiidharau kozi. Matangazo ya kazi za serikali ya nafasi ya Katibu Mahsusi, kwa mfano, hutaka kidato cha nne, mafunzo ya uhazili, na cheti cha kompyuta cha programu za Windows, Microsoft Office, Internet, E-mail na Publisher kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Neno la kukazia ni kutambuliwa. Cheti kilichochapwa kwenye steshenari kwa karatasi ngumu yenye maua pembeni kinapendeza ukutani, ila kwenye maombi ya namna hiyo hakina uzito. Kabla ya kulipa, omba namba ya usajili ya kituo uihakiki. Wakikupiga chenga, ondoka.

Somo la shuleni linaingia kwenye cheti cha NECTA, na mtihani wake una nadharia na vitendo. Thamani yake kubwa huonekana mbele: kidato cha tano kuna tahasusi ya Fizikia, Hisabati ya Juu na Sayansi ya Kompyuta, na kutoka hapo shahada za kompyuta na uhandisi zinafikika vizuri. Nisisitize kuhusu Hisabati. Kwa anayelenga shahada ya kompyuta, Hisabati ya kidato cha sita ina uzito kuliko kozi yoyote ya mtaani, hata akiwa nazo tano. Mtoto anayepata A ya kompyuta na F ya Hisabati kidato cha nne amejifungia njia hiyo.

Kwa binti ambaye shule yake haikuwa na somo hili, habari ni nzuri: milango haijafungwa. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, hupokea wanafunzi wa ngazi ya 4 ya TEHAMA kwa ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini. Mara nyingi somo la kompyuta lenyewe halitajwi kama sharti. Anaanza programu kutoka sifuri, na kama Hisabati yake iko sawa anawafikia wenzake.

Fedha, umbali na mahali pa kulala

Shule ya serikali haina ada, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na cha tano na sita tangu mwaka wa fedha 2022/23. Kozi ya mtaani unalipa, na bei hutofautiana sana, kwa hiyo pita vituo viwili au vitatu ulinganishe. Lakini kwa familia za Liwale, Newala vijijini, Kilwa au Mangaka, ada mara nyingi ndiyo sehemu ndogo. Nauli, chakula na malazi ya mjini vinaizidi. Kama kuna shangazi Masasi au mama mdogo Mtwara mjini, kozi inawezekana. Kama hakuna, sishauri binti wa miaka kumi na saba apangishiwe chumba peke yake kwa ajili ya Word na Excel. Masomo hayo atayapata baadaye.

Kuna njia ya katikati. Simu janja ya kawaida ya Android inaweza kuendesha Python kwa programu iitwayo Pydroid 3, na ukishaipakua na kuisakinisha huhitaji bando kufanya mazoezi. Mwanafunzi anaweza kukaa chini ya mkorosho huko Ruangwa akaandika programu ya kujumlisha kilo, ikaendeshwa palepale. Skrini ni ndogo na vidole vitauma, lakini anajifunza kitu ambacho kituo cha mjini pengine hakifundishi kabisa.

Na VETA je?

VETA ina vituo Mtwara na Lindi, na mafunzo yake hupimwa kwa ngazi ya I, II na III. Ukitaka mtoto awe fundi wa kutengeneza mashine na kuvuta nyaya za mtandao, au mhazili mwenye cheti cha kutambulika, ulizia huko kwanza ni fani zipi za kompyuta zinazotolewa mwaka huo, maana fani hutofautiana kituo kwa kituo. Kwa mwenye haja ya cheti cha kazi, naiweka VETA juu ya kozi yoyote ya steshenari.

Kabla hujaamua, nenda ukaone

Iwe shule au kituo, nenda siku ya kazi, saa za vipindi, bila kutoa taarifa. Hesabu kompyuta zinazowaka. Zilizofunikwa vitambaa usizihesabu. Uliza kila mwanafunzi anakaa kwenye mashine mara ngapi kwa wiki, na wangapi kwa mashine moja. Wawili kwa mashine si vibaya, kwa programu ni vizuri hata, kwa sababu mmoja anaandika na mwenzake anakagua. Watano kwa mashine, watatu wanatazama tu. Uliza umeme ukikatika wanafanya nini. Mwalimu anayejibu kwamba siku hizo wanafanya hatua za utatuzi kwenye daftari anaijua kazi yake. Anayejibu kwamba wanafunzi wanatawanyika, jibu umelipata.

Kisha mwombe mwanafunzi mmoja akuonyeshe kitu alichokitengeneza mwenyewe. Shuleni kiwe programu, hata ya mistari kumi. Kozini kiwe barua au jedwali lenye hesabu zake. Mruhusu akueleze kwa Kiswahili. Ukimwelewa, ujue amefundishwa.

Nani achukue kipi

Mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili ambaye shule yake ina somo, mwalimu na mashine zinazowaka, achukue Sayansi ya Kompyuta. Hapa siwezi kuwa na kigugumizi. Hata asipokuwa mtaalamu wa kompyuta, akiwa muuguzi atakutana na GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali, akiwa mhasibu wa halmashauri, mwajiriwa wa bandari ya Mtwara au wa mitambo ya gesi Madimba, atakuwa anashughulika na mifumo maisha yake yote, na ni vema aijue kwa ndani. Isipokuwa kama Hisabati inamshinda kabisa na hana nia ya kupambana nayo: huyo aelekeze nguvu kwenye masomo anayoyaweza, kompyuta ya matumizi ataipata kozini.

Aliyemaliza kidato cha nne na anatarajia kuendelea na sayansi, miezi hii ya kusubiri aitumie kwa mambo mawili: kuchapa kwa vidole kumi, na kuandika programu kidogo kila siku kwa simu au kompyuta ya kuazima. Kozi kamili si lazima. Kama mzazi anataka kulipa, alipie kituo kinachofundisha Excel kwa kina, mpaka fomula za masharti. Slaidi za PowerPoint atajifundisha mwenyewe kwa siku mbili.

Aliyemaliza na anahitaji kipato ndani ya mwaka, aende kozi iliyosajiliwa au VETA, na asione haya. Steshenari, maghala, zahanati na ofisi za watendaji zinahitaji watu wanaochapa bila makosa na wanaojua jedwali.

Na aliyesoma somo shuleni kwa kunakili ubao tu, ajihesabu kama hajasoma vitendo. Kozi ya mwezi mmoja itampa mkono, na nadharia aliyonayo itamfanya aelewe upesi kuliko wenzake wote kituoni.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Tahasusi mwanafunzi alizojaza kwenye Selform, fomu ya machaguo yake, kabla ya mtihani si za kudumu. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha kwenye mfumo huohuo, na hutangaza siku ya kulifunga. Kama Fizikia na Hisabati zimekaa vizuri na kijana anaitaka tahasusi yenye Sayansi ya Kompyuta, aingie abadilishe yeye mwenyewe, mzazi akiwa pembeni, na nywila yake asimwachie mtu wa steshenari.